Tarehe Isiyo na Gwaride

Kila Oktoba 14 Tanzania hupumzika. Ofisi za serikali hufungwa, Mwenge wa Uhuru hufikia kilele cha mbio zake katika mkoa uliochaguliwa mwaka huo, na viongozi hupanda jukwaani kumkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 1999 katika Hospitali ya St Thomas', London. Butiama, kijijini kwake, nako watu hukusanyika, lakini huko kumbukumbu hiyo ina altare. Wanafamilia, majirani na mahujaji husali Misa, kisha hufika Mwitongo, kwenye kaburi alimozikwa Oktoba 23, 1999, karibu na makaburi ya wazazi wake.

Kati ya mikusanyiko hiyo miwili kuna tofauti ambayo wengi hawaisemi kwa sauti. Jukwaani marehemu husifiwa. Altareni huombewa. Misa ya marehemu, hata iwe ya mkuu wa nchi aliyependwa kiasi gani, inamwomba Mungu amsamehe dhambi zake, na kwa kufanya hivyo inakiri kwamba anazo. Anayesali hivyo anamkumbuka Nyerere kama binadamu aliyehitaji huruma kama mwingine yeyote, na ndipo historia ya Mkristo huyu wa Butiama inapopaswa kuanzia.

Katika kalenda ya Kanisa Katoliki Oktoba 14 ina mwenyewe wa tangu zamani: Mtakatifu Kalisto wa Kwanza, Papa wa mwanzoni mwa karne ya 3. Kabla hajawa kiongozi wa Kanisa alikuwa mtumwa mjini Roma, akahukumiwa kazi ngumu katika machimbo ya Sardinia. Alipokuwa Papa, baadhi ya Wakristo wakali walimlaumu kwamba anawasamehe wakosefu upesi mno. Hakuna aliyepanga mwanzilishi wa taifa la Tanzania afe katika sikukuu ya mtumwa aliyeachiwa huru, lakini padri anayeitafuta Misa ya siku hiyo hukutana na majina hayo mawili pamoja.

Desturi yenyewe ya kukumbuka siku ya kifo ni ya kale. Katikati ya karne ya 2, Polikarpo, Askofu wa Smirna, alichomwa moto kwa kukataa kumkana Kristo. Wakristo wa mji huo waliandika barua wakieleza jinsi walivyoikusanya mifupa yake na kuizika, na kwamba wangekutana hapo kila mwaka kwa furaha kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Walikuwa wanasema juu ya siku aliyouawa. Kwao mfiadini alikuwa amezaliwa mbinguni. Siku ya kuzaliwa kwa mwili haikuwa na heshima kubwa miongoni mwa Wakristo wa mwanzo. Origene, mwalimu mashuhuri wa Aleksandria, aliwakumbusha wasomaji wake kwamba wanaofanya sherehe ya kuzaliwa kwao katika Maandiko ni Farao, ambaye siku hiyo alimtundika mwokaji wake, na Herode, ambaye siku hiyo alimkata kichwa Yohane Mbatizaji. Hadi leo kalenda ya Roma inaadhimisha kuzaliwa kwa watu watatu tu: Yesu, Mama yake, na huyo Yohane.

Hata hivyo, kati ya kuzaliwa na kufa kuna siku ya tatu, na kwa mafundisho ya Kanisa ndiyo inayozipa maana hizo mbili nyingine. Ni siku ya ubatizo. Kwa Nyerere siku hiyo ilikuwa Desemba 23, 1943, katika misheni ya Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma. Haina mapumziko, haina gwaride, na Watanzania wengi wanaoijua Oktoba 14 kwa moyo hawajapata kuisikia.

Aliyezaliwa Butiama Aprili 13, 1922 hakuwa na jina la Julius. Mvua ilinyesha siku hiyo, na mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Baba yake, Burito, alikuwa na jina la Nyerere kwa sababu alizaliwa karibu na mwaka 1860 wakati viwavi walipoivamia nchi. Ndivyo Wazanaki, kabila lao, walivyohesabu miaka: kwa mvua, kwa viwavi, kwa njaa, kwa vita, na hesabu hiyo waliibeba katika majina ya watoto wao. Burito alikuja kuwa chifu wa Wazanaki chini ya wakoloni, akawa na wake 22. Mama yake Kambarage, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano.

Mwaka 1934 mtoto huyo alipelekwa Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Kutoka Butiama ni zaidi ya kilometa 40, na safari hiyo ilikuwa ya miguu. Huko Musoma ndiko alikoanza kuhudhuria mafundisho ya dini kwa wamisionari Wakatoliki. Nyegina ilikuwa imeanzishwa na Mababa Weupe mwaka 1911, enzi ya Wajerumani, na utaratibu wao haukuwa wa haraka. Mkatekumeni alifundishwa kwa miaka, akaulizwa, akangojeshwa, akaulizwa tena. Kijana wa Kizanaki aliyetaka maji alipaswa kuonyesha kwamba anaelewa anachokiacha na anachokiingia.

Mwaka 1937 alikwenda Tabora, shule ya serikali iliyowaandaa watoto wa machifu na vijana wengine wenye akili. Alikaa huko miaka kadhaa bila kubatizwa. Baba yake, ambaye hakuwa Mkristo, alifariki mwaka 1942. Januari 1943 Kambarage aliingia Makerere, Uganda, na mwishoni mwa mwaka huo, likizoni, alirudi nyumbani na kwenda Nyegina. Siku mbili kabla ya Krismasi alimwagiwa maji, akachagua jina la Julius. Alikuwa na miaka 21.

Inafaa kuutazama umri huo. Mtoto mchanga huletwa kanisani na wazazi wake, na imani inayokiriwa siku hiyo ni yao. Mwana wa chifu mwenye wake 22, msomi wa chuo kikuu katika nchi iliyokuwa na wasomi wa kuhesabika, alijileta mwenyewe. Alikwisha kuona maisha ya ukoo wake, shule ya mkoloni na ukumbi wa midahalo wa Makerere. Hakuna cheo alichopata kwa ubatizo huo ambacho asingekipata kwa elimu yake. Wanaosimulia maisha yake hukimbilia chama chake cha TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954, na Uhuru wa Desemba 9, 1961. Tarehe hizo ni kubwa. Lakini ukitaka kujua kwa nini rais mstaafu alionekana kanisani asubuhi siku za kazi, au kwa nini alitumia miaka yake ya uzeeni kuzigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zilizochapwa na Ndanda mwaka 1996, huna budi kurudi Nyegina.

Kwa desturi ya Kanisa Katoliki, ubatizo huandikwa katika daftari la parokia: jina, wazazi, msimamizi, padri, tarehe. Mtu akifunga ndoa, taarifa hurudishwa kwenye mstari huohuo na kuongezwa pembeni. Januari 1953, akiwa amerejea kutoka Edinburgh na shahada yake, Julius alifunga ndoa Musoma na Maria Gabriel, binti wa Kisimbiti kutoka Baraki, mwalimu aliyepata kufundisha hapohapo Nyegina. Mtoto wa mke wa tano alichagua ndoa ya mke mmoja, na hapo ubatizo ulionekana nyumbani mwake, sio kanisani tu.

Kuna sura moja ya mwaka 1955 ambayo wanahistoria wa siasa huipita haraka. Machi mwaka huo Nyerere alirudi kutoka New York, alikokwenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaacha kazi ya ualimu Pugu kwa sababu alitakiwa kuchagua kati ya siasa na mshahara. Alirudi nyumbani Mara bila kazi. Wakati huo misheni za Musoma zilikuwa mikononi mwa mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani, waliofika mwaka 1946. Mmoja wao, Arthur Wille, alihitaji kujifunza Kizanaki, na mwalimu aliyepatikana alikuwa kiongozi wa TANU. Kwa miezi kadhaa Nyerere alimfundisha padri huyo lugha ya mama yake na kusaidia kutafsiri mafundisho ya dini kwa Kizanaki. Kwa hiyo mtu aliyepokea katekisimu kutoka kwa wageni aliwapa wageni wengine maneno ya kuifundishia nyumbani kwake. Sherehe za miaka mia za parokia mara nyingi hutaja walioleta imani kwa meli. Wenyeji kama yeye, waliokaa mezani wakitafuta neno la Kizanaki linalobeba neema au toba, wanastahili kutajwa pembeni yao.

Habari za Ukristo wa Mara haziishii kwa Wakatoliki, na ingekuwa dhuluma kuandika hivyo. Mwaka uleule wa 1934 Kambarage alipoingia Mwisenge, Wamennonite wa kwanza, Elam na Elizabeth Stauffer pamoja na wenzao, walianza kazi Shirati, kaskazini mwa Musoma. Walifuata Bukiroba, Mugango, na Bumangi, ndani ya nchi ya Wazanaki. Mwaka 1942 uamsho ulizuka Shirati, na jambo lake la kushangaza lilikuwa kwamba wamisionari nao walisimama na kuungama dhambi zao mbele ya Waafrika waliokuja kuwafundisha. Kiburi cha rangi kilitajwa kwa jina lake. Kanisa la Mennonite Tanzania linapohesabu miaka yake, mwaka huo wa machozi unahesabiwa pamoja na mwaka wa kufika.

Wamennonite hao wana tarehe yao ya ubatizo pia, tena ya watu wazima. Januari 21, 1525, mjini Zurich, kikundi kidogo kilibatizana upya kikisema kwamba imani ni ya anayeichagua. Wengi wa kizazi hicho walizamishwa majini au kuchomwa moto, na waliowatesa walikuwa Wakatoliki na Waprotestanti vilevile. Januari 2025 ilipotimia miaka 500, Makanisa ya ukoo huo yaliyoenea duniani, likiwamo hili la Mara, yaliikumbuka siku hiyo. Mkatoliki wa Nyegina na Mmennonite wa Bumangi wanaweza kuketi pamoja juu ya tarehe hizo mbili, 1525 na 1943, na kuzungumza mengi.

Mwaka 1967 nao una uzito wake hapa. Januari 15 Zedekea Kisare aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Wamennonite nchini. Wiki tatu baadaye, Februari 5, TANU ilitangaza Azimio la Arusha juu ya ujamaa. Na wiki saba kamili baada ya Azimio, Jumapili ya Pasaka, Machi 26, Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, Populorum Progressio, akionya kwamba mali ya binafsi si haki isiyo na mipaka. Si lazima kudai kwamba nyaraka hizo mbili zilinakiliana. Zilikuwa zinajibu swali moja, njaa ya wengi na shibe ya wachache, na Mkatoliki wa Butiama aliyeiongoza Tanzania aliona waziwazi kwamba swali hilo ni la imani. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisipojitosa upande wa maskini dhidi ya mifumo inayowafanya wawe maskini, litapoteza maana kwa watu.

Hapo ndipo kumbukumbu ya Kikristo inapotakiwa kuwa ngumu zaidi. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliamriwa kuutakasa mwaka wa 50: watumwa waachiliwe, ardhi irudi kwa wenyewe. Wengi huikumbuka baragumu ya Yubile. Wachache hukumbuka siku iliyopangwa kupigwa. Ilipigwa Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga na kutubu. Kwa mpangilio huo, taifa lilianza kufurahi baada ya kukiri.

Mara wana ya kukiri na ya kusimuliwa. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wakulima wote lazima wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja. Katika operesheni zilizofuata, familia nyingi nchini zilihamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi, na mashamba yakaachwa mbali na makazi mapya. Mkoa wa Mwalimu mwenyewe haukusamehewa. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya 1962 iliyoruhusu kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na hatua ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ya kutaifisha shule za misheni, iliyowaumiza Wakristo wengi japo iliwafungulia mlango watoto wa Kiislamu na wa maskini waliokuwa wamefungiwa nje. Mtu anaweza kuitetea ya pili na kuilaani ya kwanza. Asichoweza Mkristo ni kuyafuta yote hayo Oktoba 14 kwa kuwa ni siku ya sherehe.

Kanisa lenyewe limeyawekea mambo hayo mahali pa kusemwa. Kwa kawaida kesi ya kumtangaza mtu kuwa mwenyeheri haifunguliwi kabla ya miaka mitano tangu afe, ili mapenzi ya watu yatulie. Kwa Nyerere muda huo uliisha Oktoba 2004. Mwaka 2005 Vatikani ilitoa ruhusa, na Jimbo la Musoma, chini ya Askofu Justin Samba, likaanza kukusanya ushahidi. Tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Jina hilo halimaanishi kwamba ameshakuwa mtakatifu, bali kwamba anachunguzwa. Maandishi yake husomwa, mashahidi huapishwa, na wanaojua mabaya yake wana wajibu wa kuyasema sawasawa na wanaojua mema. Mzee aliyechomewa nyumba mwaka 1974 ana haki ya kusikilizwa kama vile jirani aliyemwona Mwalimu akipalilia shamba Butiama baada ya kung'atuka urais mwaka 1985. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati wa operesheni amekwisha kuvuka 60. Ushahidi huu hauwezi kungoja.

Upande wa kusini wa Musoma, Bunda inafundisha jambo lingine juu ya hesabu ya miaka. Jimbo Katoliki la Bunda liliundwa Novemba 27, 2010, likakatwa kutoka Musoma na Mwanza, na askofu wake wa kwanza, Renatus Nkwande, akawekwa wakfu Februari mwaka uliofuata. Kwa makaratasi ni jimbo changa. Lakini ndani yake imo Ukerewe, ambako Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika mapigano ya kisiwani, na ambako Aniceti Kitereza, aliyelelewa misheni ya Kagunguli, aliandika riwaya yake kuu kwa Kikerewe na kuikamilisha mwaka 1945. Ilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Parokia za jimbo hilo zina umri mkubwa kuliko jimbo, na anayesherehekea miaka 15 bila kuwataja hao ameanza kuhesabu katikati.

Kila mwaka mwanzoni mwa Juni mabasi ya mahujaji huondoka Tanzania kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi. Mama Maria Nyerere amekuwa miongoni mwa mahujaji hao mara nyingi, na huko Watanzania na Waganda huomba pamoja ili mumewe atangazwe mwenyeheri. Namugongo haiko mbali na Makerere, alikosoma Kambarage mwaka ule alioamua kubatizwa, na hadithi ya mashahidi hao, Karoli Lwanga na wenzake, ilikuwa bado mbichi Uganda nzima. Vijana hao walichomwa moto Juni 3, 1886. Walitangazwa wenyeheri Juni 1920, baada ya miaka 34, na watakatifu Oktoba 18, 1964, baada ya miaka 78. Kwa upande wa Nyerere mwendo kama huo ungefikisha hatua ya kwanza mwaka 2033 na ya pili 2077. Kesi yake haina mauaji ya kishahidi. Inahitaji kuthibitishwa fadhila alizoziishi kwa kiwango cha pekee, kisha muujiza. Hivyo yaweza kuchukua muda mrefu zaidi, au isifike kabisa, na wakuu wa Kanisa hawajatoa ahadi yoyote. Wakati huo huo Desemba 23, 2043 itafika siku ya Jumatano, na Nyegina itakuwa na miaka 100 ya ubatizo huo ya kusimulia, Roma iwe imeamua au haijaamua.